Kutengeneza kifaru cha Churchill kwa boksi na ndara

Anza na minyororo, mzinga utakuja baadaye. Watoto wa hapa Walukuba, Jinja, huniletea vifaru vyenye mzinga mrefu kama mwiko na vizibo vinne vya soda kwa magurudumu. Hicho ni kigari tu. Churchill, kifaru cha Uingereza cha Vita vya Pili vya Dunia, hutambulika ubavuni: magurudumu madogo 11 kila upande, na mnyororo unaouzunguka ubavu wote, chini mpaka juu.

Kifaru chenyewe kilikuwa na urefu wa takriban mita 7.4, upana 3.25 na kimo 2.5. Gawa kwa 20, upate sentimita 37, 16 na 12 na nusu. Boksi la sabuni za miche linatosha. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo.

Kwa magurudumu tafuta ndara zilizochakaa. Noa mdomo wa bomba jembamba, uuweke juu ya ndara, gonga kwa nyundo, kiduara kitatoka. Unahitaji 22, lakini kata 26, maana vingine hutoka vimepinda. Mbele na nyuma, juu kidogo ya hayo madogo, weka vizibo vya soda. Spoki za baiskeli ndizo ekseli. Mnyororo ni ukanda wa tyubu ya baiskeli, upana sentimita 2 na nusu.

Usipunguze idadi ya magurudumu kwa uvivu. Kila moja lilikuwa na springi zake, ndiyo maana Aprili 1943 kule Tunisia, kwenye kilima cha Longstop, vifaru hivi vilipanda mahali ambapo Wajerumani hawakutarajia kifaru kufika.

Halafu ziba pengo kati ya magurudumu na bodi. Changu cha kwanza nililiacha wazi, nikakivuta kwenye kokoto za uani; jiwe likaingia chini ya tyubu, ikachomoka. Tarehe 19 Agosti 1942 huko Dieppe, Ufaransa, katika vita vyake vya kwanza, Churchill kadhaa za Wakanada zilikwama hivyo hivyo: kokoto za ufukweni ziliingia kwenye minyororo na kuikata.

Kichwa kinachozunguka kifanye chembamba. Bodi ilibanwa kati ya minyororo, kwa hiyo hakikuweza kubeba mizinga mikubwa iliyokuja baadaye. Mzinga ni mrija wa juisi, mfupi. Ukitaka aina ya saba ya Churchill, chuma cha mbele kilikuwa na unene wa milimita 152; ukigawa kwa 20, tabaka mbili za boksi zinakaribia hapo. Milango yake ya ubavuni ilikuwa ya duara: zungusha penseli kwenye kizibo.

Marehemu baba aliendesha lori la Bedford. Kifaru hiki kilitoka kwa watengenezaji hao hao, kampuni ya Vauxhall ya Luton, Uingereza. Injini ya silinda 12, nguvu farasi 350, ikisukuma tani karibu 40: kasi haikuzidi sana kilomita 25 kwa saa. Boda yenye abiria wawili na mkungu wa matoke ingekipita. Tena kiliundwa mbiombio baada ya Ufaransa kuanguka 1940, hata kitabu cha maelekezo kikatiwa karatasi ya watengenezaji wenyewe wakikiri kasoro. Chako kikipinda kidogo, endelea tu.

Kianike juani siku nzima kabla ya kupaka rangi ya kijani. Kiweke juu, mbuzi asikifikie. Gundi ya muhogo anaipenda mno.