Repo moja, miradi mitatu: kumpa kila mtu mlango wake kwenye Subversion

Ninatunza repo moja (ghala la mafaili na historia yake) ya Subversion, mfumo wa kutunza matoleo ya mafaili, yenye miradi mitatu: programu ya duka, mfumo wa mishahara, na maktaba ambayo miradi yote miwili inaitegemea. Anayeandika programu ya duka hana sababu ya kusoma mishahara. Mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo asome maktaba, ila asiiguse. Yote hayo yanapangwa ndani ya faili moja la maandishi, na kuliandika hakuchukui nusu saa. Kinachotaka utulivu ni kujua seva inavyolisoma.

Kama mnatumia Git, mfumo mwingine wa kazi hiyohiyo, mbinu hii haiwafai. Kwenye Git mtu akishaivuta repo ameivuta yote na historia yake, kwa hiyo dawa ni kila mradi kuwa na repo yake. Subversion ndiyo inayoweza kufunga folda mojamoja.

Hatua ya 1: Tenga miradi tangu juu

    svnadmin create /srv/svn/kazi
    svn mkdir --parents -m "Mwanzo" \
      file:///srv/svn/kazi/duka/trunk \
      file:///srv/svn/kazi/mishahara/trunk \
      file:///srv/svn/kazi/maktaba/trunk

`trunk` ni shina kuu la kila mradi. Hapo nimeingia kwa `file://`, yaani moja kwa moja kwenye diski, na njia hiyo haipiti kwenye ruhusa zozote tutakazoandika. Kwa hiyo folda ya `/srv/svn` iwe mali ya mtumiaji anayeendesha seva peke yake. Usimwachie mtu mwingine mwenye akaunti kwenye mashine hiyo hata nafasi ya kusoma.

Hatua ya 2: Washa ukaguzi

Fungua `conf/svnserve.conf` ndani ya `/srv/svn/kazi`, faili la mipangilio ya seva (`svnserve`):

    [general]
    anon-access = none
    auth-access = write
    password-db = passwd
    authz-db = authz

Usiuache mstari wa `anon-access`. Usipouandika, seva inamruhusu asiyejitambulisha kusoma. Angalia pia nafasi mwanzoni mwa mstari: faili linakuja na mistari iliyozimwa kwa `# `, na ukifuta alama ya `#` tu, nafasi inabaki, kisha seva inakugomea kwa ujumbe wa `Option expected`. Futa vyote viwili.

Hatua ya 3: Majina na nywila

Kwenye `conf/passwd`, chini ya `[users]`, andika kila mtu na nywila yake. Nywila hizo zinakaa wazi kama zilivyo, kwa hiyo fanya `chmod 600` papo hapo ili mwenye faili peke yake alisome. Kumbuka vilevile kwamba `svn://` ya kawaida, kwenye mlango wa mtandao (port) 3690, haisimbi data inayopita. Sisi tunaipitisha ndani ya VPN, yaani njia ya mtandao iliyosimbwa.

Hatua ya 4: Faili la ruhusa

Hili ndilo `conf/authz`:

    [groups]
    duka = asha, juma
    mishahara = neema
    wanafunzi = baraka

    [/]
    * =

    [/duka]
    @duka = rw

    [/mishahara]
    @mishahara = rw

    [/maktaba]
    @duka = rw
    @mishahara = rw
    @wanafunzi = r

`rw` ni kusoma na kuandika, `r` ni kusoma tu, na `@` hutangulia jina la kundi. Nyota ni kila mtu, na ukiacha wazi upande wa kulia wa alama ya sawasawa, maana yake hapewi chochote. Yaani mzizi (`/`) umefungwa kwa wote, halafu tunafungua mlango mmoja baada ya mwingine.

Seva huanzia kwenye folda inayoombwa. Ikikuta kanuni inayokuhusu, inaishia hapo. Isipoikuta, inapanda kwa folda mzazi, hadi mzizi. Wengi wanateleza hapa. Tuseme ndani ya duka kuna folda ya funguo za malipo, nawe unataka Asha peke yake aione. Unaandika:

    [/duka/trunk/funguo]
    asha = rw

Juma bado anaingia. Kifungu hicho hakikumtaja, kwa hiyo seva imepanda hadi `/duka` na kumkuta kwenye kundi. Lazima uongeze `* =` ndani ya kifungu hichohicho.

Hatua ya 5: Jaribu ukiwa na jina la mwingine

    svnauthz validate conf/authz
    svnauthz accessof --username baraka \
      --path /mishahara/trunk conf/authz

Amri ya pili inajibu `rw`, `r` au `no`. Mimi huwa siishii hapo. Najaribu pia kutoka kwenye mashine nyingine kwa `svn ls svn://seva/kazi/mishahara --username baraka --no-auth-cache`, na sitoki kwenye kiti mpaka nione `Authorization failed`.

Hatua ya 6: Unapohamisha au kunakili folda

Ruhusa zinafuata njia, hazifuati kilichomo. Hili nilijifunza kwa uchungu kwenye kazi ya zamani. Mzizi wetu ulikuwa na `* = r`, na folda ya mishahara ilikuwa na kifungu chake. Tukaibadili jina ikawa `/malipo`, nami nikabadili jina la kifungu pia, nikaridhika. Siku moja kijana wa mafunzo akaniita kwenye meza yake, akanionyesha kwenye skrini:

    svn ls svn://seva/kazi/mishahara/trunk@41

Mafaili yote yakajipanga mbele yetu. Kwenye rivisheni ya 41 (hali ya repo baada ya badiliko la 41) folda ilikuwa bado na jina la zamani, jina hilo halikuwa tena na kifungu, seva ikapanda mzizini na kukuta ruhusa ya kusoma. Namshukuru kijana yule hadi leo kwa kuniita. Tangu hapo mzizi wangu ni `* =` daima, na kifungu cha njia ya zamani sikifuti.

Matawi, yaani nakala za mradi zinazoendelezwa kando, nayo yana shida hiyohiyo. Asha akinakili `/duka/trunk` kwenda `/duka/branches/v2`, funguo sasa zimo `/duka/branches/v2/funguo`, mahali ambapo Juma anasoma bila kizuizi. Juma mwenyewe akijaribu kunakili trunk atakataliwa, maana ndani yake kuna asichoweza kusoma. Kuanzia toleo la 1.10 la Subversion unaweza kuandika `[:glob:/duka/**/funguo]` na kufunga kila tawi kwa mpigo. Hata hivyo, napendelea kuzitoa funguo nje ya trunk kabisa na kuzipa folda yake juu.

Hatua ya 7: Mtu anapoondoka

Futa jina lake kwenye `passwd` na kwenye kila kundi la `authz`. Huna haja ya kuwasha seva upya, mabadiliko yanashika kwenye muunganisho unaofuata. Nakala aliyokwisha kuivuta ingali kwenye kompyuta yake, kwa hiyo kama alikuwa anaziona funguo za malipo, zibadilishe siku hiyohiyo.