Somo: Drools ikigoma, soma inachosema kabla hujafuta kanuni

Assalaam alaykum. Somo hili ni la wenzangu wanaotumia Drools, programu inayofuata kanuni za "likiwa hili, fanya lile", kupangia bei za hoteli, boti au magari ya kukodi. Mfano ni faili la bei.drl la hoteli moja ya Paje, lenye kanuni za msimu, za mkaazi na za watoto. Masika bei inashuka, Julai inapanda, na kila meneja akibadili neno mtu analifungua faili na kuvunja kitu.

Hatua ya kwanza: mikono mbali na kibodi. Soma ujumbe wote. Huu wa juzi:

ERR 101 Line 14:4 no viable alternative at input 'exsits' in rule "Punguzo la mkaazi"

Namba ya kosa, mstari na nafasi, neno lililoikwaza, kisha jina la kanuni. Mie huanzia mwisho, kwenye jina, maana mistari huhama lakini jina halihami. Tukafungua mstari wa 14: exsits badala ya exists. Basi. Kijana aliyenipigia simu alikwishafuta kanuni tatu kwa kubahatisha, na nakala hana.

Hatua ya pili: zijue namba. 101, neno limekaa pasipo pake. 102, ilitarajia kitu ikakuta chengine. 104, umetia nuktamkato (;) ndani ya eval, yaani sharti linaloandikwa kwenye mabano ya eval( ). Nyengine ni nadra.

Hatua ya tatu: Line 0:-1. Hii huwatoa watu jasho, kwani nani ana mstari wa sifuri? Maana yake programu imefika mwisho wa faili na bado inangoja kitu. Usihangaike juu, teremka chini kabisa. Sisi tulikuta faili limeishia Mgeni( na mabano hayakufungwa. Lilinakiliwa kutoka WhatsApp, kipande cha mwisho kikabaki kwenye simu.

Hatua ya nne: Unable to resolve ObjectType 'Mgeni'. Uandishi wako hauna ila. Ila darasa la Mgeni, yaani aina ya data uliyoipa jina hilo kwenye Java, halijulikani. Tazama import, mstari unaosema darasa liko wapi, juu ya faili, na herufi kubwa kwa ndogo.

MASWALI

Mwanachama, Wete: Mwalimu, sie kanuni tumeziweka kwenye jadweli la Excel. Ujumbe unataja mstari wa 212 na jadweli letu lina safu 30 za mlalo. Vipi?

Jibu: Jadweli hugeuzwa kwanza kuwa DRL, lugha ya kanuni ya Drools, na mstari unaotajwa ni wa huko. Angalia jina la kanuni: usipoipa jina mwenyewe, hupewa jina la jadweli na namba ya safu ya Excel. Ikiandikwa Bei_18, nenda safu ya 18. Ikishindikana, chapisha hiyo DRL kwa SpreadsheetCompiler, kigeuzi cha jadweli cha Drools, uisome.

Mwanachama, Mjini: Hakuna kosa lolote, lakini mkaazi halipati punguzo.

Jibu: Hilo ndilo baya zaidi, bibi, maana halisemi. fireAllRules, amri ya kuziendesha kanuni, hurudisha idadi ya kanuni zilizofyatuka, ichapishe. Ikiwa 0, ama huyo Mgeni hukumuingiza kwenye Drools kwa insert, ama sharti halikutimia. Nishakuta mkaazi imeandikwa "Ndio" upande mmoja na "Ndiyo" upande mwengine.

Mwanachama, Chake Chake: Yangu haiishi, inazunguka tu mpaka naizima. Nimeshatia no-loop true.

Jibu: no-loop huizuia kanuni isijiamshe yenyewe. Yako ni mbili zinaamshana: ya msimu inafanya modify (inambadili Mgeni na kuiarifu Drools), ya mtoto inaamka nayo inafanya modify, ya msimu inaamka tena. Mtilie Mgeni alama kwa kila punguzo, na sharti la kanuni liulize kama alama yake bado ni false. Ndani ya modify hiyohiyo igeuze true.

Mwanachama, Chake Chake: Imesimama, shukran. Ila bei ya mtoto imetoka hasi.

Jibu: Lete faili.