Jinsi ya kujichukulia sampuli ya kipimo cha HPV

Tangu Harald zur Hausen alipobaini kwamba virusi vya HPV ndivyo chanzo cha saratani ya shingo ya kizazi, ugunduzi uliompa Tuzo ya Nobel mwaka 2008, uchunguzi umerahisishwa kiasi kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, faraghani.

Subiri hedhi iishe. Nawa mikono, fungua pakiti bila kugusa ncha ya kijiti chenye pamba, kisha chuchumaa au simama ukiwa umeinua mguu mmoja juu ya kiti. Kiingize kijiti taratibu ukeni, takriban sentimita 5, ukizungushe kwa sekunde 10 hadi 30, ukitoe na kukitia ndani ya kichupa chake. Wengi huhofu kwamba hawakufika mbali vya kutosha. Hofu hiyo haina msingi, kwani si lazima kijiti kiguse shingo ya kizazi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo hiki kuanzia umri wa miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25. Virusi vikionekana, hiyo si saratani, lakini rudi kliniki ukaguliwe.