Namna ya Kugawa Nafasi za Ndani katika Maktaba ya Umma

Wengi wanaopanga maktaba huanza kwa kuhesabu vitabu na rafu, ilhali jambo linalostahili kupangwa kwanza ni sauti. Chukua mchoro wa jengo likiwa bado tupu, tia alama milango yote, kisha gawa nafasi kwa kufuata viwango vya utulivu: shughuli zenye kelele zikae karibu na lango kuu, sehemu za mazungumzo ya sauti ya chini zifuate, na chumba cha kusomea kimya kiwe ndani kabisa, mahali ambapo hapiti mtu anayeelekea kwingine. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa sana, na chumba ambacho watu hukikatiza wakienda chooni hakitatulia hata kikibandikwa matangazo kila ukuta.

Langoni weka kaunta ya kuazima na kurudisha vitabu, magazeti na vitabu vipya. Ukumbi wa mikutano nao ukae upande huo, ukiwa na mlango wake wa nje, ili uweze kutumika baada ya maktaba kufungwa.

Sehemu ya watoto inahitaji kufikiriwa kwa makini kuliko zote. Iwe upande wenye kelele, kwa sababu mtoto anayenyamazishwa kila mara hujifunza kuichukia maktaba, lakini isipakane na mlango ambao mtoto anaweza kutoka mbio kuelekea barabarani. Vyoo viwe karibu, na rafu zisizidi kimo cha mita 1.2 hivi, ili watoto wafikie vitabu wenyewe na mkutubi aweze kuwaona akiwa kwenye kaunta.

Rafu ndefu zilizojaa vitabu husaidia kupunguza sauti, kwa hiyo zipange kati ya eneo la mazungumzo na eneo la kimya. Zielekeze ncha zake dirishani, si migongo, ili mwanga upenye katikati ya safu, huku ukizuia jua la moja kwa moja, ambalo hufifisha majalada na kudhoofisha karatasi. Viwango vya Ulaya vya taa za ndani hutaka luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) 500 mahali pa kusomea na 200 kwenye rafu. Alvar Aalto, msanifu majengo wa Finland, katika maktaba ya Viipuri (mji ambao leo ni Vyborg, Urusi) iliyokamilika mwaka 1935, alitoboa dari ya ukumbi wa kusomea matundu ya duara yenye kina, mwanga ukashuka umetawanyika bila jua kugonga ukurasa. Mpaka leo sijaona jibu bora kuliko hilo.

Njia kati ya rafu zisipungue sentimita 91.5, kipimo cha chini kabisa katika viwango vya Marekani, na ni vyema zizidi mita moja. Mwisho wa safu acha duara la mita 1.5, ili mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu aweze kugeuka.

Usihamishe rafu kwenda ghorofani kabla ya kumwuliza mhandisi. Kanuni za ujenzi za Marekani hukadiria sakafu ya rafu za vitabu kwa mzigo wa takriban kilonewton 7.2 (uzito wa kilo 730 hivi) kwa mita ya mraba, ilhali chumba cha kusomea hukadiriwa kwa 2.9 tu.

Jengo likiwa na ghorofa, utaratibu uleule wa sauti unaweza kupanda wima. Oodi, maktaba ya umma ya Helsinki nchini Finland iliyofunguliwa Desemba 2018, ina matukio na mgahawa chini, karakana na studio katikati, na vitabu juu. Hata hivyo, sehemu ya watoto iko huko juu pamoja na vitabu, jambo linalowezekana kwa sababu ghorofa hiyo haikukusudiwa kuwa ya ukimya mtupu. Amua mapema kila sakafu itavumilia sauti kiasi gani, kisha chagua mazulia, dari za kufyonza sauti na kuta za vioo kulingana na uamuzi huo.

Kabla ya kufunga rafu yoyote kwa skrubu, chora mipaka yake sakafuni kwa utepe, kisha waombe mzazi mwenye kigari cha mtoto, mtu wa kiti cha magurudumu na mkutubi mwenye toroli la vitabu wapite wote kwa wakati mmoja. Watakapokwama, sogeza utepe.