Mambo ya kuzingatia kabla ya kuingiza gari kwenye uwanja wa Sakhir

Anza na breki. Uwanja wa mbio wa Bahrain, uliojengwa katika jangwa la Sakhir na kupokea Formula 1 mwaka 2004, una kona 15 katika mzunguko wake mkuu wa kilomita 5.412, na njia zake ndefu zilizonyooka huishia kwenye kona kali. Breki haipati nafasi ya kutosha ya kupoa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu wa hewa yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali inazama hadi chini. Yamwage yote uweke mapya, hata kama rangi yake bado ni safi. Pedi zilizobaki chini ya nusu zibadilishe. Kabla ya kutoka uwanjani, zunguka mara moja polepole bila kukanyaga breki, na usivute handibreki kabla diski hazijapoa.

Tairi za nyuma ndizo huisha kwanza. Kokoto za lami ya hapo zilisafirishwa kutoka Shropshire, Uingereza, kwa sababu zinashika vizuri. Ukali huohuo unatafuna mpira kila unapokanyaga mafuta kutoka kona ya polepole. Upepo wa tairi (shinikizo la hewa ndani yake) hupanda takriban bar 0.1 kwa kila nyuzi 10 za joto. Basi pima ukiwa kivulini, maana tairi lililopigwa na jua upande mmoja hudanganya, na uanze chini kidogo ya kiwango unachokitaka tairi likiwa moto. Pima tena mara tu unaposimama, kwa kipimo kilekile.

Mchanga ni jambo la kuheshimu sana. Kando ya barabara uliwahi kunyunyiziwa gundi ili utulie, lakini upepo huleta mwingine. Mizunguko ya mwanzo baki kwenye mstari uliokwisha kusafishwa na tairi za wengine. Kona ya 10 inahitaji uangalifu zaidi: unafunga breki huku bado unakata kushoto, gurudumu la mbele kushoto halina uzito, linajifunga (linaacha kuzunguka) na gari linanyooka kwenda nje, kwenye mchanga.

Chujio la hewa likague kila siku. Rejeta ipulizwe kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili vumbi litoke lilikoingilia. Mfuniko wake usifunguliwe injini ikiwa moto.

Kama utaendesha mchana na usiku, usitegemee vipimo vya alasiri: jua likizama lami hupoa na upepo wa tairi hushuka. Nati za magurudumu zikaze kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha zirudie magurudumu yakishapoa.