Lenzi pana kwenye renjifainda, tumia hivi

Kama unapenda lenzi pana (inayochukua eneo kubwa) jaribu renjifainda aisee, ile kamera unayochungulia kwa kidirisha chake, si kupitia lenzi, maana ndani ya SLR, ile unayoangalia kupitia lenzi yenyewe, kuna kile kioo kinachoruka juu ukipiga na lenzi lazima ikae mbali kukipisha, Nikon F ambayo ni SLR ni milimita 46.5 toka kwenye filamu, Leica M ambayo ni renjifainda ni 27.8 tu. Kwa hiyo lenzi pana ya 21mm ya SLR inabidi iongezewe vioo vingi, inakuwa nene na mara nyingi mistari ya pembeni inapinda. Lenzi pana ya renjifainda kama Biogon ya Zeiss inazama hadi karibu na filamu, ni ndogo na fremu ya mlango inatoka imenyooka, raha sana.

Kupiga sasa: weka f/8 (tundu la lenzi dogo kiasi), fokasi mita 2, basi, kuanzia kama mita 1 mpaka mbali kabisa kila kitu kiko shapu, we angalia watu tu. Kwa 21mm chomeka viufainda (kidirisha cha kuchungulia) juu ya kamera, na kwa kuwa kiko juu ya lenzi, ukiwa karibu inua kamera kidogo la sivyo utakata vichwa.

Kwenye kamera za dijitali, lenzi hizi za zamani hutia pembe giza na rangi ya ajabu, mi naona zibaki kwenye filamu. Vitu vya karibu sana, hapo chukua SLR.