Kufunga Woolly Bugger namba 10, na mafundo ya kuipeleka majini

Kwa anayeanza kufunga flai, yaani chambo bandia cha manyoya na uzi, za kuvulia samaki aitwaye trauti, Woolly Bugger inatangulia nyingine zote. Ilibuniwa na Russell Blessing wa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1967, na haiigi mdudu mmoja hasa: ukiivuta ni kisamaki, ukiiacha iteremke na maji ni ruba au buu la kereng'ende. Kwa hiyo inafaa Marekani ilikotoka, na inafaa pia kwenye mito ya baridi ya milima ya Aberdare, Kenya, kama Gura, ambako trauti walipandikizwa mwaka 1905. Ni kubwa kiasi cha kuonekana vizuri na macho ya mfungaji mgeni, na makosa yake hayajifichi.

Vifaa ni vichache. Ndoano namba 10 yenye shina refu (kumbuka namba ikipanda, ndoano inapungua), uzi mweusi wa kufungia wa 6/0 (kipimo cha unene wake), waya wa risasi wa nusu milimita, waya mwembamba wa shaba, manyoya laini yaitwayo marabu (siku hizi ni ya bata mzinga, si ya korongo) kwa mkia, uzi mweusi wa sweta kwa mwili, na unyoya mmoja mrefu wa mgongo wa jogoo. Wa jogoo wa kienyeji unafaa kabisa, mradi uoshwe kwa sabuni na kuanikwa, la sivyo wadudu watakula akiba yako yote. Uchague hivi: ukunje ili vinyweleo visimame, kisha uulinganishe na uwazi wa ndoano, yaani nafasi kati ya shina na ncha. Vinyweleo viwe mara moja na nusu ya uwazi huo. Vikizidi sana flai inakuwa brashi ya chupa na haizami.

Kabla ya yote, bana kwa koleo kijino cha ndoano, kile kichomo kilicho nyuma kidogo ya ncha. Ndoano mbovu ivunjike sasa, si baada ya dakika 15 za kazi. Ibane kwenye jiliwa, shina likiwa limelala sawa. Zungusha waya wa risasi mara 10 hadi 12 kwenye nusu ya mbele ya shina, lakini acha milimita 3 tupu nyuma ya jicho, tundu la kupitishia mshipi. Milimita hizo 3 ndizo zitakazoamua kama flai itafaa, maana kila kitu utakachofunga kitataka kumalizikia hapo. Ukimaliza kushika risasi, nawa mikono.

Funika risasi kwa uzi, ukipeleka uzi nyuma hadi usawa wa kijino ulichobana. Chukua fungu la marabu, lilowanishe kwa mate ili lisitawanyike, ulipime kwenye ndoano: mkia uwe na urefu sawa na shina. Mkia mrefu kupita hapo hujizungusha kwenye pindo la ndoano, na trauti hung'ata ncha yake akaondoka nayo. Funga fungu hilo, na mabaki yake yasikatwe karibu na mkia. Yalaze juu ya shina hadi yakutane na risasi, ndipo ukate. Ukiyakata mapema utaacha bonde, na mwili utakuwa na nundu.

Fungia hapo mkiani sentimita 10 za waya wa shaba, kisha uzi wa sweta. Rudisha uzi wa kufungia mbele. Zungusha uzi wa sweta, mzunguko ukigusa mwenzake, usimame kwenye ile milimita 3, funga mara 4 na kukata.

Sasa unyoya. Ng'oa manyoya mepesi ya chini, ufunge kikonyo chake mbele, kisha uzungushe kurudi nyuma, mizunguko 5 au 6 yenye nafasi sawa. Ukifika mkiani, ushikilie kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili uchukue waya wa shaba, uupitishe mara 2 juu ya ncha ya unyoya, halafu uulete mbele kwa mizunguko yenye nafasi, ukiutikisa kidogo kulia na kushoto ili usilaze vinyweleo. Wengi hushauri waya uzungushwe upande wa kinyume. Ushauri huo ni sahihi unyoya ukiwa umeanzia mkiani. Hapa umeanzia mbele, kwa hiyo waya uzungushwe upande uleule wa unyoya, na utakivuka kikonyo kwa msalaba kila unapopita. Ukiufuata ushauri ule bila kufikiri, waya utalala sambamba na kikonyo bila kukishika, na jino la trauti wa kwanza litafumua unyoya wote.

Funga waya mbele mara 5 kwa nguvu, kisha uupindepinde hadi ukatike wenyewe. Mkasi mzuri si wa kukatia shaba. Kichwa kidogo cha uzi kinatosha. Cha kumalizia, kama huna kifaa maalumu, tumia mrija wa biro: zungusha uzi mara 2 kwenye ncha ya mrija, ingiza jicho la ndoano ndani ya mrija, telezesha mizunguko iingie kichwani, vuta. Rudia mara 3. Tone la kuteksi isiyo na rangi, kisha pitisha kikonyo cha unyoya kwenye jicho kabla halijakauka. Jicho lililozibwa na kuteksi hugunduliwa mtoni, vidole vikiwa vimeganda.

Mafundo

Tuanzie kwenye lida, ule uzi wa nailoni unaopungua unene kuelekea mbele. Mwisho wake huungwa na tipeti, kipande chembamba kinachoshika flai. Kwa namba 10 tumia tipeti ya 3X, unene wa milimita 0.20; kanuni ya haraka ni kugawa namba ya ndoano kwa 3 upate namba ya X. Laza nyuzi hizo mbili zipishane sentimita 15, zifanye kitanzi kimoja, kisha pitisha ncha ya lida pamoja na tipeti nzima ndani yake mara 3. Kosa la kawaida ni kupitisha ncha moja tu. Lowanisha, vuta ncha zote 4 kwa pamoja.

Kwa flai yenyewe, fundo linalobana jicho huinyima Woolly Bugger uchezaji wake. Ifunge kwa kitanzi kisichokaza. Piga fundo la kawaida kwenye tipeti, sentimita 12 kutoka nchani, usilikaze. Pitisha ncha kwenye jicho, irudishe ndani ya fundo lile kwa upande uleule ilikotokea. Izungushe kwenye mshipi, yaani sehemu ya tipeti inayoelekea kwenye lida, mara 5, kisha iingize tena ndani ya fundo, upande uleule. Lowanisha kwa mate, vuta ncha polepole hadi mizunguko ijipange, ndipo uvute mshipi. Kitanzi cha milimita 5 kinatosha. Kikiwa kikubwa, fundo la mwanzo lilikuwa mbali na jicho.

Mate hayo usiyapuuze. Nailoni ikisuguana kavu hupata joto na kudhoofika palepale kwenye fundo, na kwa macho huoni kitu.

Flai ikipotea, tazama mwisho wa tipeti. Ukijikunja kama mkia wa nguruwe, fundo liliteleza: ongeza mizunguko au kaza vizuri zaidi. Ukiwa umenyooka na kukatika, mshipi ulikwaruzwa na jiwe au ulikuwa na fundo dogo lililojifunga lenyewe wakati wa kurusha. Pitisha kucha kwenye tipeti baada ya kila samaki. Ukihisi mkwaruzo, kata sehemu hiyo na ufunge upya.